Nafasi ya Mzazi wa Pili

Kazini walimwita Fundi, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo, nusu kwa utani, nusu kwa heshima. Alikuwa mkata nguo. Si wa kupunguza suruali na kubana magauni, la. Yeye ukimletea mchoro wa koti ambalo halijawahi kuvaliwa na mtu yeyote duniani, ataukodolea macho, atalamba midomo, atatandaza karatasi mezani, na jioni utakuta koti limekuwa vipande kumi na saba vinavyosubiri sindano tu. Sifa hizo ndizo zilizovuka mipaka. Ukumbi mmoja mkubwa wa maigizo, katika mji mkubwa wa nchi ya mbali, ukamwandikia: njoo utukatie mavazi ya jukwaani, mkataba wa miaka miwili, uje na familia yako.

Familia yenyewe ilikuwa watu wawili. Mumewe, ambaye watu walimwita Mwalimu, alikuwa akifundisha udereva, mrefu, mpole, mwenye maneno ya kuvunja watu mbavu. Na binti yao alikuwa na miaka mitatu na nusu. Jina lake la cheti lilishasahaulika kwa sababu kila mtu alimwita Chiriku. Alianza kusema mapema, na tangu aanze hajanyamaza.

Huko walikotoka, Chiriku alikuwa mkia wa mama yake. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na mtoto alitambaa chini ya meza ya kukatia, akajifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani, akalala usingizi wake wa mchana juu ya mabaki ya vitambaa. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa kuondoka asubuhi na kurudi jioni. Akirudi, Chiriku alimpokea vizuri, kama apokewavyo mgeni anayependwa, kisha akarudi zake kwa mama. Fundi hakuwahi kufikiri kwamba hiyo ni bahati. Alidhani ndivyo watoto walivyo.

Kuhama kukapindua kila kitu. Fundi alipewa kibali cha kazi, mumewe akapewa kibali cha kuishi tu. Leseni yake ya kufundisha, aliyoitumia miaka kumi na miwili, huko ilikuwa kipande cha plastiki chenye picha yake.

"Si neno," alisema siku walipoihakikisha habari hiyo. "Nitafanya kazi kwa bosi mfupi. Nasikia ana masharti magumu na halipi."

Walicheka. Wakakubaliana kwamba Chiriku atakaa na baba yake mpaka atimize miaka minne, ndipo aanze chekechea.

Wakapanga ghorofa ya saba, vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili hawawezi kugeuka kwa pamoja. Fundi alitoka saa moja kasoro robo, mtoto bado amelala, akarudi saa kumi na mbili, mwili umechoka na kichwa kimejaa lugha asiyoijua. Mwezi wa kwanza alishukuru Mungu kwa kila kitu. Anafungua mlango, anakuta chakula tayari, nyumba safi, mtoto kaoga, mume anatabasamu. Angelalamika nini?

Lakini siku moja aliwahi kurudi, akasema, "Leo nitamwogesha mimi." Akamwingiza Chiriku kwenye beseni, akachukua sabuni, akaanza na shingo kama alivyofanya tangu mtoto ana siku tatu.

"Siyo hivyo, mama."

"Siyo vipi?"

"Kwanza matairi. Halafu bodi. Kioo cha mbele mwisho."

"Kioo cha mbele ndiyo nini?"

Mtoto akamtazama kwa huruma. "Uso, mama."

Fundi akacheka. Akaosha matairi. Ila kifuani kuna kitu kilimkwangua, kidogo tu, kama kucha kwenye kitambaa cha hariri.

Tangu siku hiyo akawa anaona. Aliona kwamba baba na mwana wana njia zao. Walikuwa wakiweka viti viwili vya jikoni, kimoja nyuma ya kingine, Chiriku anashika kifuniko cha sufuria kama usukani, na baba yake anaketi nyuma akisema kwa sauti ile ile aliyowasemea watu wazima: "Mkanda. Kioo. Ishara. Achia breki taratibu, mama, hii gari si yako peke yako." Safari hizo zilikwenda sokoni, kwa bibi, mwezini. Walimjua mzee wa ghorofa ya tatu mwenye mbwa kipofu. Walimjua mwuza mikate aliyekuwa akimwachia Chiriku vile vipande vya pembeni. Wakiwa mezani mmoja akitamka tu "mbwa kapinda kulia," wote wawili wanaangua kicheko mpaka machozi, na Fundi anaketi na kijiko chake akingoja aelezwe. Wakimweleza, haoni cha kuchekesha.

"Ungekuwepo," mumewe alisema, akijifuta macho.

Neno dogo hilo. Alikwenda nalo kazini, akarudi nalo.

Jumamosi moja walikwenda uwanja wa watoto ulio nyuma ya jengo lao, wenye sakafu ya mpira na bembea nne. Fundi aliketi kwenye benchi karibu kabisa na mahali pa kuteleza. Mumewe alikuwa mbali, kule langoni, akijaribu kuzungumza na mwanamume mwingine kwa mikono. Chiriku akateleza, akatua vibaya, goti likachubuka. Fundi alisimama kabla hata kilio hakijatoka. Alichuchumaa, akafungua mikono.

Mtoto alimpita.

Alimpita karibu kiasi kwamba koti lake lilimgusa mkono, akakimbia uwanja mzima huku analia, hatua kama arobaini, mpaka akayakumbatia magoti ya baba yake. Fundi akabaki pale kachuchumaa, mikono wazi, kama mtu anayesubiri kupokea mzigo uliokwisha kukabidhiwa kwa mwingine. Mama mmoja kwenye benchi jirani alimtabasamia, akamwambia neno. Fundi hakulielewa, lakini alilichukua kuwa ni pole, na pole ile ikamuuma kuliko yote.

Basi, kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki kuwa chake, nacho kilikuwa nywele. Kila Jumapili alimkalisha Chiriku katikati ya magoti yake, akamchana, akampaka mafuta, akamsuka, na ule mdomo usionyamaza ukamsimulia wiki nzima. Saa mbili zile alizingoja kama mtu anavyongoja mshahara. Jumapili moja ukumbi ukaita mafundi wote kazini kwa dharura. Alirudi saa nane mchana akiwa na haraka, chanuo ameshaliwaza, akafungua mlango.

Chiriku alikuwa amesukwa. Mistari mitano, imenyooka kuanzia kipajini hadi kisogoni, yenye upana sawa, kama barabara iliyopakwa rangi jana.

"Nimejifunza kwenye simu," mumewe alisema. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, na uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyefaulu. "Nimeanza saa tatu. Mara mbili nimefumua. Unaonaje?"

"Vizuri," Fundi alisema.

"Vizuri tu?"

"Vizuri sana. Umebana mno hapa pembeni."

Hakuwa amebana. Fundi alilijua hilo wakati analisema.

Jioni ile bibi yake Chiriku, mama mzazi wa Fundi, akapiga simu ya video. Alipoona zile nywele alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Mkwe wangu! Mwanamume wa kusuka! Mwanangu, uliokota almasi barabarani wewe!" Kisha akasogeza jicho moja kwenye kamera. "Na wewe siku hizi unaishi wapi? Kila nikipiga naona baba na mwana tu."

"Niko kazini, mama."

"Mama yuko kazini siku zote," Chiriku alimweleza bibi yake, bila chuki, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Jumatatu, Fundi akakata mahameli ya rangi ya zambarau kwa ajili ya koti la mfalme. Msimamizi wa karakana alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kuweka pini midomoni hata asiposhona, na Fundi kimoyomoyo alimwita Mama Pini. Alipita mezani, akainua vipande viwili, akaviweka kimoja juu ya kingine.

"Huyu mfalme ana mikono miwili ya kushoto?" aliuliza.

Fundi akatazama. Katika miaka kumi na tano hakuwahi kukata mkono wa kushoto mara mbili.

"Nyumbani kuna nini?" Mama Pini aliuliza tena, taratibu, akichagua maneno mepesi ili mgeni aelewe.

"Hakuna kitu."

Saa ya chakula hakula. Alikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma, palipotundikwa mavazi ya maigizo yaliyopita, akafungua simu, akatafuta chekechea za mtaa wao. Alijiambia ni kwa ajili ya lugha. Alijiambia mtoto anahitaji wenzake. Alijiambia mumewe anastahili kupumzika. Kila moja ya sababu hizo ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyomfanya aijaze fomu ile. Aliijaza kwa sababu kama yeye hampati mtoto mchana kutwa, basi pasiwe na mtu mwingine anayempata.

Jina la mtoto. Tarehe ya kuzaliwa. Mzazi wa kwanza: akaandika jina lake, simu yake, kazi yake. Chini yake palikuwa na nafasi ya mzazi wa pili. Kidole kikasimama juu ya kioo cha simu. Kisha akaipita nafasi ile, akaishusha fomu hadi chini, akabonyeza pa kutuma, akarudi kukata mkono wa kulia.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa barua ya karatasi. Mumewe ndiye aliyelitoa kwenye sanduku la chini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Chiriku yuko sakafuni anapanga viatu vya nyumba nzima kwa foleni. Mwalimu alielekeza simu juu ya barua ili imtafsirie, kama alivyofanya kwa kila karatasi iliyoingia nyumbani, akawa anasoma kwa sauti ya kutania, maana tafsiri za simu zilikuwa burudani yake. Katikati ya sentensi sauti ikabadilika.

"Fundi. Hapa panasema ombi lako la tarehe tisa limekubaliwa. Ombi gani?"

"La chekechea. Nilijaribu tu. Nilijua hawatajibu."

"Tulisema miaka minne."

"Nafasi hazipatikani hovyo hapa. Nimefikiria lugha. Nimekufikiria na wewe, unachoka."

"Nimekuambia nimechoka?"

Fundi aliinama, akanyoosha kiatu kimoja kwenye foleni ya Chiriku.

"Saa mbili mpaka saa kumi na moja," mumewe aliendelea kusoma. "Siku tano." Akaikunja ile barua mara mbili, akaiweka chini ya kopo la sukari. "Umefanya vizuri," alisema. Halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Mtu aliyezoea kutania kila kitu, akinyamaza, nyumba nzima inasikia.

Ilielezwa kwenye barua kwamba siku za mwanzo mtoto anazoeshwa na mzazi mmoja, yule yule kila siku, anakaa naye darasani mpaka azoee. Mwalimu aliinua macho tu, na Fundi akamwahi: "Nitakwenda mimi." Alikwenda kumwomba Mama Pini ruhusa, na onyesho la kwanza lilikuwa limebakiza wiki tatu. Mama Pini alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola yake.

"Siku nne," alisema. "Ya tano nakutaka hapa, hata uje naye mgongoni."

Siku nne! Fundi alirudi nyumbani na moyo mwepesi kama wa msichana aliyeahidiwa matembezi.

Chekechea ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya chini, vikulabu vya makoti vilivyofika kiunoni na harufu ya rangi za maji na ndizi. Mlezi wa watoto alikuwa mama mnene, anayechechemea kidogo, aliyevaa aproni ya njano. Chiriku alimpa jina kabla hajafika mlangoni: Bi Njano. Kisha akaingia chini ya meza na viatu vyake, akakaa huko saa nzima.

Bi Njano hakumbembeleza. Aliketi sakafuni karibu na meza, akawa anafinyanga unga wa rangi, anatengeneza nyoka, anamvunja, anatengeneza mwingine. Baada ya saa hiyo mkono mdogo ukatoka chini ya meza, ukaiba nyoka mmoja. Fundi, kwenye kiti kidogo kilichomfikisha magoti kidevuni, aliona fahari. Mwanangu huyo. Nami ndiye niliyepo.

Siku ya pili Chiriku alisukumwa na mtoto mwenzake, kwa bahati mbaya tu, wakigombea lori. Akakaa chini, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote: "Baba! Babaaa!" Fundi alimnyanyua, akampakata, akamwimbia, akamwambia mama yupo, mama huyu hapa. Mtoto alijipinda kama samaki. "Simtaki mama! Namtaka Baba!"

Bi Njano alichechemea hadi pale. Akauliza, kwa ile lugha ambayo Fundi sasa aliiokoteza vipande vipande, "Hilo neno, baba, maana yake nini?"

Fundi angeweza kusema lolote. Angesema ni mdoli, ni blanketi. Nani angejua?

"Ni baba yake."

"Aa." Bi Njano akatikisa kichwa polepole. "Basi kesho mwambie aje na yeye."

Fundi alisema sawa. Njiani kurudi alilibeba agizo lile, akalipitisha kwenye lango, kwenye lifti, mlangoni. Mumewe alikuwa ameketi mezani hana anachokifanya. Viti vya jikoni vilikuwa vimerudi mahali pake, vinatazamana.

"Vipi leo?" aliuliza.

"Kazoea," alisema Fundi. "Hata hakulia."

Siku ya tatu Chiriku alianza kulia kwenye vikulabu vya makoti na hakunyamaza. Alilia mpaka sauti ikawa ya mzee. Alilia mpaka akatapika maziwa kwenye sketi ya mama yake, na hata hapo hakukubali kushikwa naye, alishika mguu wa meza. Watoto wengine walianza kumsikiliza, midomo ikaanza kuwacheza. Bi Njano akamwita Fundi pembeni, karibu na sinki, akamfutia sketi kwa kitambaa kibichi huku anasema naye.

"Jana nilisema aje baba."

"Ndiyo."

"Nilitaka kumpigia mwenyewe leo asubuhi. Nikatazama fomu." Alikamua kitambaa. "Pale umeacha wazi. Sisi huku tulidhani mtoto hana baba. Tumekaa na watoto wengine, tumewaambia wasimwulize."

Fundi alisikia masikio yakiwaka moto. Watoto kumi na wanne wa miaka mitatu walikuwa wamekatazwa kumtaja mume wake kama mtu atajavyo marehemu, naye ndiye aliyemzika, kwa kidole kimoja, kwenye ngazi za nyuma za kazini.

Alitoa simu.

"Njoo," alisema. "Njoo chekechea. Anakutaka."

Kutoka ghorofa yao mpaka pale ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye miguu mirefu. Mumewe aliingia baada ya dakika mbili. Hakuwa anahema. Mabega ya koti lake yalikuwa yamelowa manyunyu, na pua ilikuwa imewiva kwa baridi kama ya mtu aliyesimama nje tangu asubuhi. Fundi alimtazama, akaelewa.

Chiriku alimrukia. Mwalimu akamkalisha juu ya goti, akamwacha amalizie kwikwi zake, kisha akasema kwa sauti ile ya kazini:

"Mkanda."

Mtoto akavuta mkanda usioonekana begani mwake.

"Kioo. Ishara. Leo unaendesha mwenyewe. Mimi nimekwisha kukufundisha, mwanafunzi wangu, mimi nashuka hapa. Nakusubiri kituoni. Ukimaliza safari utanikuta."

"Kituo gani?"

"Pale mlangoni."

"Na mama?"

Mwalimu alimtazama Fundi kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mama atasubiri na mimi," alisema.

Chiriku alifikiri. Akashuka kwenye goti, akashika usukani wake wa hewa, akaenda akinguruma mpaka kwenye meza ya unga, akaegesha karibu na aproni ya njano.

Nje kulikuwa na benchi la chuma chini ya paa dogo. Waliketi.

"Siku zote tatu?" Fundi aliuliza.

"Kituo cha basi cha ng'ambo. Kinaziba mvua kidogo." Akakunja mikono. "Umesema hakulia."

"Nimekudanganya."

"Na fomu? Yule mama kanipa mkono mlangoni kama mtu aliyefufuka. Nimeelewa maneno mawili tu, 'fomu' na 'baba'. Nieleze mengine."

Fundi alimweleza. Hakupunguza kitu. Alimweleza habari ya matairi na kioo cha mbele, ya mbwa aliyepinda kulia, ya uwanjani, ya mistari mitano, ya mikono miwili ya kushoto. "Nilikuwa na wivu," alisema mwishoni.

"Na nani?"

"Na wewe."

Mumewe aliangua kicheko kimoja kifupi, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni.

"Wivu na mimi," alisema. "Fundi, unajua wewe ukitoka asubuhi unakwenda mahali ambapo watu ishirini wanakuita kwa kazi yako? Ukikosea wanagundua. Ukipatia wanagundua. Mimi nilikuwa nimefundisha nusu ya mji kuendesha. Nilikuwa nikipita barabarani wananipigia honi. Katika mji huu mzima, mtu anayejua kwamba najua kitu ni mmoja, na ana urefu wa meza." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nawe ukamchukua. Sawa, mtoto lazima aende shule. Lakini ungeniambia. Ukanifuta hata kwenye karatasi."

"Nisamehe."

"Leo siwezi," alisema, bila ukali. "Labda wiki ijayo. Nimelowa sana leo."

Fundi alikuwa analia na karibu acheke, na alijua hana ruhusa ya kucheka bado. Akavua skafu yake, akamwekea mabegani. Mumewe aliiacha ikae.

Saa sita walimchukua Chiriku, kila mmoja upande mmoja. Kabla hawajaondoka Mwalimu aliomba ile fomu, iliyochapishwa na kuwekwa kwenye faili. Akaandika jina lake katika nafasi ya mzazi wa pili kwa herufi kubwa, na aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Waliomba mtoto awe anakaa nusu siku mpaka atimize miaka minne, na Bi Njano akakubali bila kuuliza.

Siku ya nne Fundi alirudi kazini, yule mfalme akashonewa mkono wake wa kulia, na baada ya wiki kadhaa onyesho likafunguliwa. Msamaha haukuja wiki iliyofuata. Ulichukua kama mwezi, tena ulikuja kwa vipande. Mume alianza tena kusoma barua kwa sauti ya kutania. Siku moja akamwita Fundi jikoni amfundishe wimbo wa kufungia viatu, wimbo wa kijinga usio na vina, akamrudisha nyuma mara tatu kwa kukosea mstari wa pili. Naye Fundi alimwomba Mama Pini Ijumaa mchana iwe yake, akapewa, kwa sharti la kuingia mapema siku nyingine. Wivu haukumtoka. Bado kuna jioni alifika akakuta kicheko kimeanza bila yeye. Ila siku hizo alikuwa akisema, "Hapo nimeona gere, anzeni upya," nao wanaanza upya.

Kisha ikaja zamu ya wote wawili. Maana Chiriku sasa alikuwa na "Bi Njano anasema." Bi Njano anasema karoti haziliwi hivyo. Bi Njano anasema neno hilo siyo hivyo linavyotamkwa, baba. Jioni moja alilia kwa sababu kesho ni Jumamosi.

"Yule mama ana nini ambacho sisi hatuna?" Mwalimu aliuliza.

"Unga wa rangi," alisema Fundi. Wakatazamana, watu wawili waliopigwa chenga na mtu mmoja.

Jumamosi hiyo hiyo walikuwa dukani, kwenye vitunguu, Chiriku alipotoa yowe la furaha. Bi Njano alikuwa mwisho wa ujia, hana aproni, amevaa koti la kawaida la kahawia. Chiriku alichomoa mikono yote miwili kwa wazazi wake, akaenda shoti. Fundi na mumewe walibaki na vitunguu.

Katikati ya ujia mtoto akasimama ghafla. Kwenye toroli la Bi Njano alikuwa ameketi msichana mwingine, wa umri wake, mwenye pua ile ile ya Bi Njano. Msichana yule aliinua mikono, na Bi Njano, ambaye bado hajamwona Chiriku, akainama, akambusu utosini.

Fundi aliuona mgongo wa binti yake ukikakamaa. Aliacha vitunguu, akamfuata, akachuchumaa kando yake.

"Yule nani?" Chiriku aliuliza. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka.

"Nadhani mjukuu wake."

"Bi Njano ni wangu."

"Najua."

"Mbona anambusu?"

Fundi hakumwambia kwamba si kitu, wala hakumwambia awe na adabu. "Inauma hapa?" aliuliza, akamgusa kifuani.

Chiriku akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa kuwa mama yake ndiye aliyekuwa karibu, akageuka, akauficha uso shingoni mwake, na Fundi akamnyanyua.